Gigahezi Ngapi? Kasi ya Kichakataji na Uchaguzi wa Simujanja

Msimu wa pamba unapomalizika na malipo yanapoanza kuwafikia wakulima, wauzaji wa simu huongezeka katika minada, magulio na maduka ya Mkoa wa Simiyu. Mkazi wa Kalemela, wilayani Busega, anayetaka simujanja anaweza kuinunua jirani na nyumbani, au kwenda Nyashimo, Lamadi, Bariadi hata Mwanza. Popote aendapo atawekewa mbele yake boksi lililojaa namba: GHz 2.0, viini vinane, GB 8, MP 50, mAh 5000. Muuzaji husoma namba hizo kwa sauti ya uhakika, na mara nyingi ile anayoitilia mkazo zaidi ni ya kasi ya kichakataji, ambacho wengi hukiita prosesa.

Fedha inayotolewa hapo ni jasho la miezi ya kulima, kupalilia na kupulizia dawa. Aliyechagua vibaya hawezi kurudi wiki inayofuata kuchagua tena. Atakaa na simu inayoganda mpaka msimu mwingine, na pengine ndiyo simu hiyohiyo anayotegemea kupokea taarifa za chama cha ushirika, kufanya biashara ya samaki au kuwasiliana na mtoto aliye shuleni mbali. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza kwa kirefu jambo ambalo matangazo hulieleza kwa namba moja tu.

Kasi ya kichakataji ina umuhimu. Hata hivyo, namba ya gigahezi iliyoandikwa kwenye boksi si kipimo cha kasi hiyo, na kwa watumiaji walio wengi yapo mambo mengine yanayopaswa kuulizwa kwanza.

Gigahezi huhesabu nini

Kichakataji ni kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, nacho ndicho kinachofanya hesabu zote za simu. Ndani yake kuna mapigo yanayokwenda kwa mpangilio kama ya saa. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja katika sekunde moja; kwa hiyo GHz 2.0 ni mapigo bilioni mbili. Namba hiyo inatueleza kichakataji kinapiga mara ngapi. Haituelezi kila pigo linafanya kazi kiasi gani.

Wavunaji wawili wa pamba wanaweza kulifafanua hili. Wa kwanza ana mikono myepesi, anapeleka mkono kwenye mti mara mia moja kwa muda ambao mwenzake anapeleka mara themanini. Lakini kila apelekapo mkono anachuma tumba moja, ilhali mwenzake anachuma mawili au matatu. Jioni magunia yatakapopimwa, aliyekuwa mwepesi wa mikono ndiye atakayekuwa na mzigo mdogo. Anayewalipa wavunaji hawa kwa kuhesabu mikono badala ya kilo atapata hasara, na ndivyo ilivyo kwa anayenunua simu kwa kuhesabu gigahezi.

Hili si la kufikirika. Vichakataji viwili vya kampuni ya Unisoc, SC9863A na T606, vimetumika sana katika simu za bei nafuu. Vyote viwili vina viini vinane, na vyote viwili kasi yake ya juu ni GHz 1.6. Mnunuzi akisoma boksi ataona ni kitu kimoja. Lakini viini vya SC9863A vyote ni vya aina ndogo iitwayo Cortex-A55, tena vinne kati ya hivyo huenda kwa kasi ya chini zaidi, GHz 1.2, T606 ina viini viwili vya aina ya Cortex-A75, ambavyo hufanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo. Aidha, SC9863A hutengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 28 na T606 kwa nanomita 12, na hivyo hiyo ya pili hufanya kazi ileile kwa kutumia umeme kidogo zaidi. Tofauti yake huonekana mtu anapofungua programu au kuhama kutoka moja kwenda nyingine.

Tuongeze na cha tatu. MediaTek Helio A22 ina viini vinne vya aina ya Cortex-A53, navyo hufika GHz 2.0. Kwa kutazama boksi, hiki ndicho chenye kasi kuliko vyote vitatu. Kikipimwa kwa kazi, T606 yenye GHz 1.6 hukiacha nyuma kwa mbali.

Hivyo basi, mnunuzi anayetaka kulinganisha simu mbili aulize jina kamili la kichakataji pamoja na namba yake ya toleo, wala asitosheke na gigahezi. Jina hilo huandikwa kwenye boksi kwa maandishi madogo, au hupatikana katika tovuti ya mtengenezaji. Muuzaji asiyeweza kulitaja jina hilo hana msingi wa kusema simu yake ina kasi kuliko ya jirani yake.

Viini vinane, na vingine visivyo na kazi

Neno «viini vinane» nalo limewavutia wengi. Kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya kichakataji. Kazi inayogawanyika, wanane huimaliza mapema kuliko wawili. Lakini kazi nyingi za simu hazigawanyiki vizuri: kufungua ukurasa, kuandika ujumbe, kuonyesha picha uliyoigusa. Ni sawa na kuteka maji kisimani kwa ndoo moja. Ukipeleka watu wanane, mmoja atavuta kamba na saba watasimama wakizungumza. Katika kazi kama hizo, kiini kimoja au viwili vyenye nguvu huwa na faida kuliko vinane dhaifu.

Watengenezaji wanalijua hili vizuri kuliko sisi, lakini namba kubwa huuza. Mwaka 2013 Motorola ilitangaza mfumo wake wa X8 katika simu ya Moto X. Ile nane ilipatikana kwa kujumlisha viini viwili vya kichakataji, vinne vya kuchora picha kwenye kioo, na vingine viwili vya kazi maalumu. Mwaka huohuo MediaTek ilitoa kichakataji cha MT6592 na kukitangaza kuwa ndicho chenye viini vinane vya kweli, vyote vikiwa vya aina ndogo ya Cortex-A7. Wakati huohuo Apple ilitoa iPhone 5s yenye viini viwili tu vya GHz 1.3, na katika vipimo vya kiini kimojakimoja ilizishinda simu zilizotangazwa kuwa na viini vinne na zaidi ya GHz 2. Mpaka leo Apple haitangazi gigahezi za simu zake.

Mchezo huu wa namba una historia ndefu kuliko simu. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni ya Intel ilileta sokoni kichakataji cha kompyuta cha Pentium 4 chenye GHz 1.4 na 1.5, na katika baadhi ya vipimo kikazidiwa na Pentium III ya GHz 1. Washindani wake AMD walipoona wanunuzi wanatazama gigahezi peke yake, mwaka 2001 waliamua kuvipa vichakataji vyao majina ya namba kubwa kuliko kasi yake halisi: Athlon XP 1800+ ilikuwa ikienda kwa GHz 1.53. Hatimaye Intel yenyewe iliiacha njia ile, na vichakataji vyake vya Core 2 vya mwaka 2006 vilikuwa na gigahezi chache kuliko Pentium 4 za mwisho, lakini vilifanya kazi zaidi. Soko la kompyuta lilijifunza somo hilo, kisha soko la simu likaanza kulirudia upya.

Hata vipimo hudanganya

Mtu atasema: basi tuache gigahezi, tutazame alama za programu za kupimia kasi. Alama hizo husaidia, nasi hatuzikatai. Ila nazo zimechezewa. Mwaka 2013 ilibainika kwamba Samsung Galaxy S4 ilikuwa ikitambua programu za vipimo na kukiruhusu kichakataji kwenda kwa kasi ambayo mtumiaji wa kawaida hakuipata. Kesi iliyofunguliwa Marekani juu ya jambo hilo ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2019. Mwaka 2018 wenye programu ya kupimia ya 3DMark waliziondoa baadhi ya simu za Huawei katika orodha yao kwa sababu inayofanana na hiyo. Ikiwa kampuni kubwa namna hiyo ziliona inafaa, mnunuzi asishangae kukuta duka linamwonyesha alama zilizochapishwa kwenye karatasi.

Kuna pia jambo la betri. Mwishoni mwa mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone ambazo betri zake zimechoka, ili zisizimike ghafla. Mamlaka ya Ufaransa inayolinda watumiaji iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 25 mnamo Februari 2020, na kosa lilikuwa kutowaambia wateja. Kwa mnunuzi wa simu iliyotumika, ambazo ni nyingi sokoni kwetu, habari hiyo ina mafunzo ya moja kwa moja: kasi aliyoisoma mtandaoni ni ya simu ikiwa mpya. Pengine anachohitaji ni betri nyingine halisi kutoka kwa fundi anayeaminika, na simu itarudi kuwa nyepesi.

Joto nalo hupunguza kasi. Kichakataji kinapopata moto, simu hukipunguzia mwendo ili kisiungue. Simu iliyoachwa juu ya jiwe shambani adhuhuri, au inayochajiwa na sola huku ikitumika juani, haitakuwa na kasi ile ya dukani kwenye kivuli, hata kama ni ya gharama kubwa.

GB 8 ambazo ni 4

Tungependa msomaji akae zaidi hapa, kwa sababu ndipo tunapoona wanunuzi wakipotezwa kuliko mahali pengine.

Simu ina sehemu mbili za kutunza vitu, na wengi huzichanganya. RAM ni kama mkeka ambao kazi za sasa hutandazwa. Hifadhi ni ghala ambamo picha, nyimbo na programu hukaa hata simu ikizimwa. Mkeka ukiwa mdogo, kila unapotaka kutandaza kitu kipya lazima kingine kikunjwe. Ndiyo maana mtu akitoka WhatsApp kwenda kupiga picha, akirudi hukuta WhatsApp inaanza kufunguka upya. Si kichakataji kilichochoka. Ni mkeka uliokwisha.

Siku hizi simu nyingi za bei ya kati na ya chini hutangazwa kuwa na «hadi GB 8 za RAM», na pembeni kwa maandishi madogo huandikwa «4+4». Maana yake ni kwamba RAM ya kweli ni GB 4. Nne nyingine ni sehemu ya ghala iliyotengwa itumike kama mkeka. Ghala hilo lina mwendo wa polepole mno kuliko RAM, na tena nafasi ya kuweka picha zako hupungua. Nyongeza hiyo ina msaada kiasi fulani. Si uongo mtupu. Ila kuandika 8 kwa herufi za kujaza boksi na 4+4 kwa herufi za kutafutiwa miwani ni kumpotosha mnunuzi, nasi hatuoni namna ya kulitetea. Uliza waziwazi: «RAM yake halisi ni ngapi, bila ya kuongezewa?»

Google yenyewe ina toleo jepesi la Android liitwalo Go kwa ajili ya simu zenye RAM ndogo, na tangu Android 13 toleo hilo limehitaji angalau GB 2. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha simu kuwaka na kufanya kazi. Kwa mtu anayetaka kuitumia simu miaka mitatu, ushauri wetu ni kuanzia GB 4 halisi na hifadhi ya GB 64, na kama fedha inabana, ni afadhali apunguze megapikseli za kamera kuliko kupunguza hizo.

Ghala likijaa, simu yote huwa nzito. Watu wengi walio katika makundi mengi ya WhatsApp ya harusi, misiba, vikoba na siasa wamejaza simu zao video ambazo hawakuzitazama hata mara moja. Kabla ya kwenda kununua simu nyingine, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, zima upakuaji wa kujiendesha, kisha futa video za zamani. Bando nalo litapona.

Yanayotangulia kichakataji

Huduma ambayo wengi huitumia kila siku ni kutuma na kupokea fedha kwa kubonyeza nyota na alama ya reli, kama *150*00#. Kazi hiyo hufanyika kwenye mitambo ya kampuni ya simu, wala si ndani ya simu yako. Kitochi kinaifanya sawasawa na simujanja ya milioni moja. Kupiga na kupokea simu ni vivyo hivyo. Hata video, ambayo wengi hudhani inahitaji kichakataji kikubwa, hufunguliwa na sehemu maalumu iliyomo hata katika vichakataji vidogo; ikikwama katikati, mara nyingi tatizo ni mtandao.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkazi wa kijijini ni la mtandao: nyumbani kwangu na kazini kwangu mnara upi unasoma, na ni wa 2G, 3G au 4G? Hapa ndipo ilipo megahezi inayostahili kuulizwa, nayo si ya kichakataji. Mitandao ya 4G nchini hutumia masafa mbalimbali, yakiwemo ya megahezi 700, 800 na 1800. Masafa ya namba ndogo hufika mbali zaidi kutoka kwenye mnara na hupenya kuta vizuri zaidi. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine, ikaletwa kama mtumba, inaweza kuwa na kichakataji bora na bado isishike masafa ya mnara ulio karibu nawe. Utabaki na 3G wakati jirani mwenye simu ya nusu bei anapata 4G. Njia ya hakika ni kuweka laini yako mwenyewe kwenye simu hiyo kabla ya kulipa, na ikiwezekana muuzaji akubali kwa maandishi kuipokea tena iwapo haitashika mtandao utakapofika nyumbani.

La pili ni chaji, hasa kwa asiye na umeme wa uhakika. La tatu ni umri wa mfumo endeshi. WhatsApp na programu za benki huacha mara kwa mara kuzihudumia simu zenye Android ya zamani, na simu ikifikia hapo, kasi yake haina maana tena. Baadhi ya watengenezaji hutaja miaka watakayotoa masasisho, wengine hunyamaza. Ukimya huo nao ni jibu.

Wapo wanaohitaji kichakataji chenye nguvu kwa kweli: kijana anayehariri video za wasanii au za harusi, anayecheza michezo mizito, mwenye biashara anayeitumia simu kama kompyuta, na yeyote anayenunua akiwa na nia ya kukaa na simu miaka mitano. Hao watoe fedha ya ziada, lakini waitoe kwa jina la kichakataji na aina ya viini vyake. Picha nzuri za usiku pia hutegemea kichakataji kuliko idadi ya megapikseli, ingawa matangazo hayasemi hivyo.

Dukani

Jaribu simu ikiwa imewashwa kwa dakika kumi, si ile ya maonyesho yenye video inayojirudia. Fungua kamera, piga picha tatu mfululizo, nenda kwenye ujumbe uandike sentensi, fungua ramani, rudi kwenye kamera. Simu itakayochelewa ikiwa tupu na mpya itachelewa zaidi ikijaa. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu simu, ulinganishe RAM, hifadhi na toleo la Android na yaliyoandikwa kwenye boksi. Simu bandia zimewahi kutengenezwa zionyeshe namba za uongo hata hapo, kwa hiyo usiishie kwenye hatua hiyo: bonyeza *#06#, utaona namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Iwe sawa na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 upate majibu ya jina na aina ya simu. Ukijibiwa kwamba ni ya kampuni nyingine, au haitambuliki, usilipe. Simu bandia zilizimwa nchini Juni 2016, na walionunua bila kuhakiki ndio waliopata hasara.

Kwa anayechukua simu ya mkopo, jumlisha malipo yote ya kila siku au kila wiki mpaka mwisho, ulinganishe na bei ya taslimu, na uulize simu itafungwa baada ya siku ngapi za kuchelewa. Mkulima anayelipwa mara moja kwa msimu hafanani na mwenye mshahara, na mkataba wa kulipa kila siku unaweza usimfae hata kama simu yenyewe ni nzuri.

Dai risiti inayotaja jina la simu, toleo lake, RAM, hifadhi na IMEI. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu ubora na sifa za bidhaa, na risiti ya namna hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba uliambiwa GB 8 ukapewa 4. Anza kwa kumrudia muuzaji. Akikataa, malalamiko ya maelezo ya kupotosha hupelekwa Tume ya Ushindani. Yanayohusu IMEI, mtandao au laini hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Nenda na boksi, risiti na simu yenyewe, ukiwa umeandika tarehe ya kununua na maneno uliyoambiwa.